Ukabila wa siasa zetu uliandikwa sheriani

Mhariri,

Kila uchaguzi unapokaribia hapa Kenya, wachambuzi hutuambia kwamba siasa za kikabila tumezaliwa nazo. Sikubali. Wasome habari za uchaguzi wa Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza.

Chama cha kitaifa hakikuwepo. KAU (Kenya African Union), chama cha Waafrika, kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1953, na serikali ya kikoloni ilipolegeza kamba mwaka 1955, iliruhusu vyama vya wilaya tu. Wakili Argwings-Kodhek alitaka kusajili Kenya African National Congress, akakataliwa. Ikambidi akiite Nairobi District African Congress. Mkoa wa Kati haukuruhusiwa hata hicho cha wilaya. Basi aliyetaka kura angejijenga wapi kama si kwao?

Kura nazo hazikuwa sawa. Kwa kupimwa elimu, kipato, mali au utumishi wake, mtu aliweza kupewa hadi kura tatu, jirani yake moja, na wengi wasipate yoyote. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa pia cheti cha uaminifu, kuthibitisha kwamba hawakuwa upande wa Mau Mau. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Barazani mwaka 1944, aliangushwa na Bernard Mate wa Meru, kwa kuwa Wameru walioandikishwa walikuwa wengi kuliko Wakikuyu. Hapo ni nani aliyepanga kabila lipi lipige kura?

Linalonipa fahari ni walichofanya wale wanane waliochaguliwa. Mboya, Odinga, Ngala, Muliro, Moi na wenzao, kila mmoja ametoka kwao, waliungana, wakakataa uwaziri na kudai viti zaidi. Mwaka uliofuata vikaongezwa sita. Walipokuja kutengana mwaka 1960 katika vyama viwili, KANU huku na KADU kule, ngome walizozitegemea zilikuwa zilezile za wilayani.

Wapo bado wazee waliopiga kura ile. Umri wao sasa unakaribia miaka 90 au umeshapita. Naliomba gazeti lako liwatume waandishi Meru, Kisumu na Mombasa wakawaulize walipewa kura ngapi, na cheti walikipata kwa nani. Wafanye hivyo mwaka huu.

Msomaji wako,
Nakuru