Barua kutoka Jabal Akhdar

Nizwa, Oman, Aprili

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Mimi mzima, kazi inakwenda, na namuomba Mungu nanyi nyote muwe wazima. Mama vipi na mguu wake?

Juzi kwenye simu ulitaka kujua huku mlimani alikotoka babu yako kukoje, na vipi mtu aache kwao aje kulima mikarafuu Pemba. Laini ikakatika kabla sijakujibu. Kwa kuwa msimu huu kazi ya viyoyozi imekuwa ikinipandisha juu mara kwa mara, nakuandikia niliyoyaona na niliyohadithiwa na wazee wa huko.

Kwanza, jina lisikudanganye. Jabal Akhdar ni "jabali la kijani", lakini usitarajie msitu kama wa Ngezi kule Pemba. Ni mwamba wa kijivu, mkavu, sehemu ya safu ya milima ya Hajar, na ukiutazama kwa karibu unaona makombe yaliyogeuka jiwe, kwa sababu chokaa hii yote ilifanyika chini ya bahari kabla ardhi haijaiinua. Unaanzia Birkat al-Mawz, kwenye mitende na migomba. Hapo pana kizuizi cha polisi na gari ndogo hairuhusiwi kupanda, kwani mteremko ni mkali na breki zinaungua. Ukifika uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, mtende huuoni tena. Kuna mikomamanga, mapichi, milozi, na katika bonde la Wadi Bani Habib kuna mijozi mikubwa. Usiku wa Januari maji yanaganda. Na mlima bado unapanda hadi Jabal Shams, karibu mita 3,000.

Sasa Baba, kitu kilichonishangaza ni maji. Mvua ni chache na haina ahadi, lakini watu wamelima huku karne kwa karne. Maji yanatoka kwenye chemchemi za miamba, yanaingia katika mfereji wa mawe unaoitwa falaj, na mfereji unafuata ubavu wa mlima hadi vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Ash Shurayjah, vilivyokaa ukingoni kabisa mwa korongo. Chini ya nyumba makonde yameshuka ngazi kwa ngazi, mengine madogo kuliko baraza letu, kila moja na ukuta wake wa mawe na udongo uliobebwa mabegani na kwa punda.

Nilimtazama mzee mmoja akipokea zamu yake. Alikuwa amekaa juu ya ukuta, saa mkononi, tambara na jiwe pembeni. Wakati ulipofika aliinama, akavuta tambara lililoziba tundu la konde lake, akalishindilia lile tambara na jiwe ndani ya mfereji, na maji yakageuka pale pale yakaingia kwenye mikomamanga. Hakuna aliyesimama kumchunga. Zamu zinahesabiwa kwa athar, ambayo ni kiasi cha nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Fungu la maji linarithiwa, linauzwa, linawekwa wakfu kwa msikiti, na kila falaj ina wakili wake anayeshika daftari na kusuluhisha ugomvi. Kule chini, falaj ya Al-Khatmeen ya Birkat al-Mawz inatoka chini ya ardhi kisha inagawanyika mikondo mitatu iliyo sawa sawa. Hiyo ni moja ya falaj 5 za Oman ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Wageni wakija Nizwa wanapelekwa kwenye ngome. Ni kazi kubwa, sikatai. Ule mnara mnene wa duara aliujenga Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ni katika enzi ya mwanawe, Saif bin Sultan, Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotekwa mwaka 1698. Kwa hivyo historia yetu na yao imeshikana. Lakini mimi naona mlima huu haukusimama kwa mizinga. Umesimama kwa watu waliokubaliana nani apate maji saa ngapi, na wakalishika agano hilo hata walipogombana kwa mengine yote.

Vita vilifika pia. Imamu Ghalib bin Ali, aliyekuwa kiongozi wa Oman ya ndani, na Sheikh Suleiman bin Himyar, mkuu wa kabila la Bani Riyam, walikimbilia juu mwaka 1957 wakipigana na Sultan Said bin Taimur wa Maskati. Ndege za Waingereza, waliokuwa upande wa Sultan, zikapiga vijiji, makonde na falaj, na Januari 1959 askari wao wakapanda usiku mlima ukatekwa. Mji wa Suleiman, Tanuf, uliobomolewa kwa mabomu, mpaka leo umeachwa magofu ya udongo. Nilipita pale na sikuweza kusema kitu. Kuna wazee wanaokumbuka familia zikilala mapangoni.

Babu yako aliondoka kabla ya hayo. Wazee wanasema sababu ilikuwa moja kwa wengi: mvua ikikosa miaka, chemchemi hupungua, fungu la maji likigawiwa watoto wengi kila mmoja hubaki na dakika zisizolisha nyumba. Pemba ilikuwa na mvua na karafuu. Naamini hakukimbia kwao kwa kutokupenda.

Huku mlimani wanatengeneza pia marashi ya mawaridi. Mawaridi yanachumwa alfajiri, kabla jua halijayakausha. Katika jiko la udongo wanaweka chungu cha petali, ndani yake bakuli la shaba, na juu yake chombo cha maji baridi chenye kitako cha mviringo. Mvuke unapanda, unagusa kitako kile, unadondoka tone tone bakulini. Maji ya juu yakipata moto yanabadilishwa, usiku na mchana. Marashi yanatoka ya kahawia na yana harufu ya moshi. Ndiyo yale yale tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi, lakini haya yana nguvu zaidi. Nimenunua chupa mbili, nitampa mtu anayekuja Unguja mwezi ujao. Moja ni ya Shangazi, asiigawe.

Nasikitika kwamba makonde mengi sasa yamekauka. Vijana wako Maskati, hoteli juu ya mlima zinataka maji, na majira ya baridi hayana tena baridi ya kutosha mapichi. Wadi Bani Habib nyumba za zamani ni tupu, madari yameanguka. Ukuta wa konde ukibomoka bila mtu wa kuujenga, udongo wote huenda na mvua moja.

Baba, naomba kitu. Muulize Shangazi jina kamili la baba yake babu na kijiji chao, yeye ndiye aliyebaki na kumbukumbu, na aandikwe maneno yake sasa akiwa na nguvu. Wakili mmoja ameniambia madaftari ya zamani yana majina ya wenye mafungu, na yuko tayari kuyapekua nikimpa jina la kuanzia. Sitafuti mali. Nataka tujue konde lipi lilikuwa letu, na nani analinyweshea leo.

Nisalimie Mama, wadogo zangu na majirani. Pesa ya dawa nitatuma Alhamisi.

Mwanao akupendaye.