Kabla ya kukaza spoki, tafuta ya kulegeza: kunyoosha gurudumu la pikipiki nyumbani

Mteja wetu mmoja alifika karakanani hapa Ndosho, mtaa wa mji wa Goma, mapema asubuhi, akiisukuma pikipiki yake badala ya kuiendesha. Usiku uliotangulia alikuwa amechukua spana, akakaa chini na taa, akakaza kila spoki aliyoiona imelegea, na kulipokucha gurudumu la nyuma likawa linayumba kuliko jana yake. "Fundi, nimekaza zote, hakuna hata moja inayocheza," alisema. Tulimuuliza, "Sawa ndugu yetu, na ni ipi uliyoilegeza?" Hakuwa amelegeza hata moja. Tumeandika makala haya kwa sababu ya swali hilo, kwani magurudumu mengi tunayoletewa yameharibiwa zaidi na kukazwa kuliko na barabara.

Gurudumu la kawaida la pikipiki zinazobeba abiria mjini Goma lina spoki 36, ambazo wengine wetu tunaziita rayoni. Nusu yake hutoka upande wa kulia wa kitovu na nusu upande wa kushoto, na rimu, yaani janti, hubaki katikati kwa sababu pande hizo mbili zinavutana kwa nguvu zinazolingana. Rimu ikiegemea kushoto, huenda spoki za kulia zimelegea, lakini vilevile huenda za kushoto zimekazwa kupita kiasi. Anayekaza tu bila kutofautisha hali hizo mbili huongeza nguvu juu ya nguvu, mpaka rimu ipoteze uduara wake, meno ya nati ndogo za spoki yalike, au spoki ikatike pale shingoni inapojikunja kuingia kwenye kitovu.

Katika mji wetu jambo hili halina mzaha. Mitaa mingi imepita juu ya mawe ya volkano, yakiwemo ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, ambao lava yake ilikatiza katikati ya mji hadi ziwani Kivu. Jiwe hilo lina kingo kali na halimeguki kirahisi linapogongwa na tairi, hivyo kishindo chote hupokelewa na rimu na spoki, hasa pikipiki inapokuwa na abiria wawili au magunia ya makaa. Gurudumu la inchi 17 pamoja na tairi lake husafiri karibu mita 1.8 kwa kila mzunguko. Kutoka Goma hadi Sake, safari ya takriban kilomita 25, kila spoki hupita chini ya mzigo karibu mara 14,000, na kila inapopita huko mvuto wake hupungua kidogo kisha hurudi. Spoki iliyokazwa vizuri huvumilia kazi hiyo kwa miaka, lakini iliyolegea hujikunja na kujikunjua kwa kila mzunguko, kama waya unaopindwa huku na huku kwa mkono, na mwisho hukatika.

Kabla ya kugusa spoki yoyote, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, inua gurudumu lisiguse ardhi, kisha lishike juu na chini ulitikise kwa upande. Likicheza, huenda tatizo ni beringi (rulma) zilizolika, na hakuna spoki itakayoliponya. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumewahi kupokea magurudumu yaliyonyooshwa mara tatu mfululizo huku beringi mbovu zikiwa bado ndani. Legeza pia breki ya nyuma ili isibane, na uondoe mnyororo ikiwezekana, gurudumu lizunguke kwa uhuru.

Sasa sikiliza. Zungusha gurudumu polepole huku ukigonga kila spoki katikati kwa spana ndogo. Iliyokazwa vizuri hulia kwa sauti safi inayodumu kidogo, iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa, na iliyokazwa kupita kiasi hulia kwa ukali juu ya jirani zake. Zote zilizo tofauti, za aina zote mbili, zitie alama ya chaki. Fundi aliyezoea hujua hali ya gurudumu kwa masikio kabla hajaangalia kama linayumba, na hata anayeanza ataisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza iwapo mtaa umetulia.

Ili kuona mwendo wa rimu, funga kipande cha waya mgumu kwenye shokapu ya mbele, au kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu bila kuugusa. Anza na kupanda na kushuka kwa rimu, yaani urefu wake kutoka kwenye kitovu, ndipo uende kwenye kuyumba kwa pembeni, kwa sababu kurekebisha urefu huvuruga pembeni kuliko pembeni inavyovuruga urefu. Palipo mbali na kitovu, kaza kidogo spoki za pande zote mbili kwa kiasi sawa, na palipokaribia mno, zilegeze kwa kiasi sawa. Urefu ukitulia, hamia pembeni. Rimu inapoegemea kushoto, legeza kwanza spoki za kushoto za sehemu hiyo kwa robo mzunguko wa nati, kisha kaza za kulia kwa robo hiyohiyo. Usizidishe robo. Zungusha gurudumu, tazama, ndipo urudie, kwa kuwa kila spoki unayoigusa huwahamisha na majirani zake.

Hapa pana kosa ambalo hata watu wenye uzoefu hulifanya. Nati ya spoki ina meno ya kawaida, lakini kichwa chake kimekaa upande wa nje wa rimu, chini ya tairi. Ukiinama na kuitazama kutoka upande wa kitovu, unaiona kwa nyuma, na kuikaza ni kuizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Asiyejua hilo hulegeza akidhani anakaza. Tumia spana ya spoki inayoshika nati sawasawa, maana koleo huila pembe zake. Nati iliyoshikwa na kutu itilie mafuta ya kupenya na uiache usiku mzima, kwa kuwa ukilazimisha, spoki itajisokota pamoja nayo.

Vitabu vingi vya matengenezo ya pikipiki huweka kikomo cha milimita 2 kwa kuyumba kwa pembeni, na kiasi hichohicho kwa kupanda na kushuka. Ukifika milimita 1, acha. Usihangaike na kile kinundu kidogo kilicho pale rimu ilipoungwa, kwani hicho hakitokani na spoki.

Kama umezungusha nati yoyote zaidi ya mzunguko mmoja, toa tairi na mpira wa ndani uangalie ncha za spoki. Ncha iliyochomoza juu ya nati itatoboa mpira baada ya siku chache, nawe utadhani umepigwa na msumari. Ipige tupa hadi iwe sawa na kichwa cha nati, kisha rudisha ule mkanda wa mpira unaofunika nati kabla ya kufunga tairi. Baada ya siku mbili tatu za kazi, gonga spoki zote tena, kwa sababu zinapojikalia upya baadhi yake hulegea.

Yapo magurudumu tusiyomshauri mtu ayanyooshe nyumbani. Rimu iliyobonyea kwa jiwe haivutwi na spoki, na rimu yenye ufa haitengenezwi kabisa, hata sisi tunamwambia mwenyewe anunue nyingine. Spoki tatu au zaidi zikiwa zimekatika, acha kuibebesha pikipiki abiria siku hiyohiyo, kwa sababu zilizobaki zinabeba mzigo usio wao. Vivyo hivyo, kubadilisha spoki zote kunahitaji kupimwa kwanza rimu imekaa wapi ikilinganishwa na kitovu, kwa kuwa gurudumu la nyuma lina sproketi upande mmoja, na kipimo hicho kikipotea mnyororo hautakaa sawa.

Ukiamua kutuletea, unaweza kuja na gurudumu peke yake bila pikipiki. Tunaomba tu uje na ekseli yake pamoja na zile bomba fupi zinazokaa pande zote mbili za kitovu, kwani gurudumu tunalipima likiwa limekaa juu ya ekseli yake lenyewe, na utuambie ni nati zipi ulizozigusa, na ulizizungushia upande gani.