Kuhusu ule mswada wa Maryland

Minneapolis, Februari 2026

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na shemeji umfikishie zake. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku mtoto wa Mombasa haizoei hata akae miaka mingapi.

Ujumbe wako nimeusikiliza. Unaushangilia mswada wa mbunge wenu Adrian Boafo, kwamba aliyejiunga na ICE, idara ya serikali kuu ya Marekani inayokamata na kufukuza wahamiaji, baada ya Januari 20, 2025 asiajiriwe tena kuwa polisi wa jimbo. Hasira yako naielewa. Kazi yao mimi nimeiona karibu zaidi yako. Na ni kweli, aliyeingia baada ya Trump kuapishwa alijua anaendea nini, tena akivutwa kwa bahashishi ya hadi dola 50,000.

Lakini hebu tazama tarehe hiyo inamnasa nani. Afisa aliyempiga risasi yule mama wa watoto watatu hapa mjini, Januari 7, hakuwa mgeni wa jana. Alikuwa ICE miaka mingi. Kwa mswada wenu, huyo mlango wake u wazi. Kijana aliyevaa sare mwaka jana, akayaona mambo, akaacha kazi kabla hajamgusa mtu, ndiye anayefungiwa. Haki gani hiyo?

Unakumbuka polisi wetu wa Kenya walivyopigwa msasa? Tume ya huduma ya polisi chini ya Johnston Kavuludi ilianza mwishoni mwa 2013, na baadaye wale wa trafiki wakaulizwa mmoja mmoja hizi pesa za M-Pesa zilitoka wapi. Tulicheka! Kasoro zilikuwa tele na wengi waliponyoka, hilo silikatai. Ila kila mtu aliulizwa ya kwake.

Najua utakavyonijibu. Askari wa Nairobi ana jina na namba. Hawa wa ICE wanaziba nyuso, na magari yao hayana maandishi, basi nani atajua nani alifanya nini? Hapo umenishika. Pengine ndiyo sababu Boafo kashika tarehe: tarehe haiwezi kuvaa barakoa.

Basi mzigo abebe mwenye kutaka kazi. Alete faili lake lote: alikopelekwa, malalamiko yaliyoandikwa juu yake, picha za kamera ya kifuani kama alikuwa nayo. Asiyekubali kulifungua, arudi kwao, awe aliingia 2010 au 2025. Washington wakikataa kulitoa, shauri yao. Jimbo halilazimiki kumpa bunduki mtu lisiyemjua. Na nisingeishia kwa polisi. Magereza pia, na walinzi wa shule, maana huko ndiko watoto wetu walipo.

Wewe mbunge wako yuko Annapolis, kwenye bunge la Maryland, mimi sina wa kumwendea huko. Mpigie umwambie hayo ya faili. Na shemeji asome kwanza utakachoandika, kwa sababu wewe ukikasirika kalamu yako haina breki.

Wasalaam,
Nduguyo