Kivuli tuko nacho, baridi ya theluji ndio hatuna

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wanaoishi chini kabisa kwa fleti, wale jua wanaliona tu likigonga ukuta wa jirani. Mimi niko Umoja, nyuma ya nyumba nina kashamba ka hatua sita hivi kati ya ukuta na fensi, na kila nikipanda kitu hapo kinarefuka kama mlingoti kisha kinaanguka.

Sasa mwaka juzi nikaona kwa simu picha za maua yanaitwa muhuri wa Suleimani. Marembo ajabu! Shina limejipinda kama upinde, vikengele vyeupe vinaning'inia kwa chini, na kila mtu anasema hayo ni ya kivuli, ukishapanda sahau, yatarudi yenyewe kila mwaka. Jamaa mmoja wa onlaini akaniuzia tunguu moja, kitu kama tangawizi, elfu tatu na mia tano (mke wangu hadi leo hajui bei, kwa hivyo jina langu msiweke). Jina lenyewe linatoka hapo kwa tunguu, shina likikauka likaanguka linaacha alama ya mviringo kama muhuri wa chifu.

Lilichipuka, sidanganyi. Mashina mawili, vikengele vichache, nikaita majirani waje waone. Halafu majani yakawa manjano yakakauka, nikajiambia ndio tabia yake, limelala. Masika ilipofika nikachokora udongo nikapata uji.

Kumbe hiyo mimea kwao ni Ulaya, Asia na Marekani Kaskazini, kwenye theluji, na isipopigwa na baridi kali wiki nyingi haipumziki vizuri ichipuke tena. Julai yetu hata tukivaa marvin na makoti mawili haigandishi maji. Huyo muuzaji angenieleza hayo kabla ya kupokea pesa, na mimi pia nina makosa, mmea ukitoka nje unatakiwa uwe na kibali cha KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea nchini, na sikuuliza chochote.

Hata ushauri wenyewe tunaokopi ni wa kwao. Eti panda upande wa kaskazini wa nyumba ndio kuna kivuli. Hapa tuko karibu na ikweta, Juni jua linaegemea kaskazini, Desemba linahamia kusini, kivuli kinahama nalo, kona yangu ina giza mwaka mzima kwa sababu tu jirani amejenga ghorofa sita.

Na cha kuchekesha, ndugu za huyo muhuri wa Suleimani, wa ukoo mmoja, tunapishana nao kila siku kwa wauza miche wa kando ya barabara: sansiveria, ile ya majani kama upanga yenye madoa ya nyoka, na ile inayoning'iniza vitoto vyake kwa kamba. Nimepanda zote mbili, nikaongeza klivia ya Afrika Kusini ambayo imenitolea maua ya rangi ya machungwa hapo hapo gizani. Mwenye watoto wadogo awe macho lakini, klivia ina sumu ikiliwa. Impashensi, ua lingine la kivuli, nayo kwao ni hapa hapa Afrika Mashariki.

Ombi langu, ukurasa wenu wa kilimo ukimaliza nyanya na sukumawiki, mtuandikie siku moja kuhusu vivuli vya fleti. Bado nina hatua tatu hazina kitu.

Mpenda maua,
Umoja, Nairobi