Funguo tatu zilikuwa nyumba moja

Mhariri,

Msomaji wenu wa Ngamiani, aliyeibiwa fedha za kikundi, amemalizia barua yake kwa kusema binadamu kaumbwa mwovu na anayemwamini mwenzake ni mjinga. Tunamwelewa. Akiba ya mwaka mzima ikiyeyuka wiki mbili kabla ya mgao, hata mpole hutukana. Lakini kuna sentensi moja kaipita mbio: funguo zote tatu za sanduku zilikuwa kwa mwenyekiti, "zisije zikapotea". Sisi tunaofundisha vikundi vya hisa, vya kuweka na kukopa, hapa Tanga tungeanzia hapo, kabla ya kufika kwa Adamu.

Ubishi wenyewe ni wa kale. Huko China, Mengzi alisema mtu akimwona mtoto anataka kutumbukia kisimani moyo humruka kabla hajawaza faida yoyote, basi wema ni wa asili. Baadaye Xunzi akapinga: asili ni mbaya, wema ni wa kufunzwa. Hapa pwani mtoto wa chuoni, yaani madrasa, hufundishwa yote mawili, kwamba mtu huzaliwa katika fitra, maumbile safi, na kwamba nafsi huamrisha maovu, na hatujasikia anayelalamika kuwa hayapatani. Tena aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inaagiza nini? Deni liandikwe na mashahidi wawepo. Wanaoambiwa hivyo ni walioamini, si wezi.

Sanduku la kikundi limetengenezwa kwa akili hiyohiyo. Wanachama ni 15 mpaka 30. Kufuli ni tatu, washika funguo watatu, wala hakuna kiongozi kati yao, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila mkutano mtu hununua hisa moja hadi tano, akapigiwa mihuri kitabuni. Vyumba visivyopigwa muhuri hukatwa kwa mstari palepale, maana chumba kitupu leo kinaweza kuota muhuri kesho. Mihuri nayo hufungiwa ndani. Kabla ya kufunga, wahesabu fedha wawili hutaja jumla kwa sauti na kila mtu huikariri. Mkutano ujao, noti haijaguswa, swali la kwanza ni "tuliacha shilingi ngapi?" Bibi asiyejua kusoma hujibu kabla ya katibu kufunua daftari, na kichwa cha bibi hakifutwi kwa raba.

Yanapoharibika, huharibika pole pole, mara nyingi kwa fadhila. Mwanachama anampitia mweka hazina Jumatano: "Nipokelee tu, Jumamosi sitakuwepo, naenda Muheza." Anapokea, kwa huruma. Alhamisi mtoto wa mweka hazina anapandwa na homa, naye anachomoa humo elfu tano ya dawa, atairudisha. Wiki ya pili ni elfu kumi. Ndiyo maana tunakataza fedha kupokelewa nje ya mkutano, hata na mtu mwaminifu kuliko wote; huyo hasa.

Halafu kuna wiki za mwisho. Miezi mingi fedha ziko kwa wakopaji na sanduku halina cha kuibwa. Mzunguko wa mwaka ukikaribia kuisha, marejesho huingia kwa mkupuo na sanduku hushiba. Kikundi makini hukusanya marejesho na kugawana siku hiyohiyo, au hupeleka fedha benki kwenye akaunti ya saini tatu.

Wanaosema binadamu ni mwovu hupenda kutaja jaribio la Stanley Milgram, lililoanza 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Watu waliamriwa kumpiga mwenzao shoti ya umeme (ya kuigiza, wao wasijue) hadi volti 450, na 26 kati ya 40 walifika mwisho. Duru nyingine haitajwi sana. Humo kila mtu aliketishwa na wenzake wawili waliopangwa wagome katikati. Waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Asili haikubadilika, alipatikana wa kusema "mimi sifanyi". Kazi ya mshika ufunguo wa tatu ni hiyo. Mwizi akitaka sanduku lazima kwanza awarubuni watu wawili, na maneno ya kurubuni ni mazito kutamka mbele ya jirani. Kwa mwenyekiti wa Ngamiani hapakuwa na wa kurubuniwa. Na kama si yeye aliyechukua, ana nini cha kujitetea?

Tunamshauri msomaji, kikundi kikianza upya, washika funguo watoke nyumba tatu zisizo na undugu. Tena kufuli jipya dukani huja na funguo mbili, mara nyingine tatu. Aulize za ziada zimelala kwa nani.

Wakufunzi wa vikundi vya kuweka na kukopa,
Makorora, Tanga