Kabla ya kununua kiyoyozi, kijue kwanza chumba chako

Wateja wengi hutujia na ombi moja: "Nipeni kiyoyozi chenye nguvu kuliko vyote." Tunawaelewa. Mtu anayekesha akigeuka huku na huku kitandani kwa joto hana hamu ya mahesabu, anataka ubaridi. Hata hivyo tungependa kuzungumza nawe kabla hujalipia mashine kubwa, kwa sababu kiyoyozi kinachozidi chumba humtesa mwenyewe karibu sawa na kile kidogo.

Kiyoyozi kina kazi mbili: kuondoa joto na kukausha hewa. Hii ya pili inahitaji muda. Hewa ya chumbani lazima ipite mara nyingi kwenye koili baridi ili unyevu wake ugeuke maji na kutiririka nje kwa kibomba. Mashine kubwa mno, hasa ile isiyo ya inverta (yaani isiyoweza kubadilisha mwendo wake, bali huwaka na kuzima tu), hufikisha chumba kwenye nyuzi ulizoweka kwa dakika chache, kisha hujizima. Muda mfupi baadaye inawaka tena. Chumba kinakuwa baridi lakini mwili unanata, nawe unazidi kushusha nyuzi ukidhani mashine imechoka. Wakati huohuo kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, inachakaa kwa kuwaka na kuzima kila mara.

Ukubwa wa kiyoyozi hutajwa kwa BTU, yaani kiasi cha joto kinachoweza kuondolewa kwa saa moja. Ile inayoitwa tani moja ni BTU 12,000, na kwa makadirio ya kawaida hutosha chumba cha meta mraba 20 hivi. Lakini meta mraba peke yake hazisemi yote. Chumba kilicho chini ya paa la bati lisilo na dari nzuri hupokea joto jingi kuliko chumba kama hicho kilicho ghorofa ya chini. Dirisha linalotazama magharibi huingiza jua la alasiri, wakati ambao kuta tayari zimeshika moto. Hata watu huhesabiwa: mtu mmoja aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Ndiyo maana fundi asiyeuliza maswali haya tunamtilia shaka.

Baadhi ya joto hilo unaweza kulizuia bila kununua mashine. Kivuli nje ya dirisha hufanya kazi kuliko pazia la ndani, kwa kuwa jua likishavuka kioo, joto limekwisha ingia. Ziba mianya ya milango, weka kizuia joto juu ya dari, na huenda ukatosheka na mashine ndogo kuliko uliyopanga.

Sasa tuje kwenye umeme. Tafuta kwenye lebo kipimo kinachoitwa EER: ni BTU za mashine zikigawanywa kwa wati inazotumia. Chukua viyoyozi viwili vya BTU 12,000. Chenye EER 8 hutumia wati 1,500, na chenye EER 12 hutumia wati 1,000. Vikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane kwa siku, cha kwanza kitakula uniti 12 na cha pili uniti 8. Kwa mwezi wa siku 30 tofauti ni uniti 120, nawe utazilipia kwa miaka yote utakayokuwa nacho. Angalizo moja: lebo nyingine huonyesha SEER, ambayo hupimwa kwa msimu mzima. Usilinganishe EER ya mashine moja na SEER ya nyingine.

Je, inverta ina faida? Kwa chumba cha kulala kinachopozwa usiku kucha, ndiyo, bila kusita. Kompresa yake hupunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, na hapo ndipo umeme unapookolewa. Kwa chumba cha wageni kinachowashwa mara chache, fedha ya ziada unayoilipia inverta huenda isirudi.

Mashine za kuburuta zenye bomba moja la kutolea hewa hatuzipendi. Zinasukuma nje hewa ya chumbani, na pengo hilo hujazwa na hewa ya joto inayoingia kupitia mianya. Vipoza hewa vya maji navyo hula umeme kidogo sana, lakini vinafaa penye hewa kavu tu. Penye unyevu mwingi vitakuongezea jasho.

Usiidharau feni. Feni ya dari hutumia wati 75 au chini ya hapo, na upepo wake hukuwezesha kuweka kiyoyozi kwenye nyuzi 26 ukajisikia vizuri. Inampoza mtu, haipozi chumba, basi izime unapotoka.

Uliza pia aina ya gesi ya kupoza iliyomo ndani ya mashine. R-410A ikivuja huongeza joto la dunia mara 2,000 na zaidi kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. R-32 ni mara 675 hivi. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanazitaka nchi zipunguze gesi za kundi hili hatua kwa hatua, kwa hiyo mashine inayotumia gesi inayoondolewa sokoni inaweza kukusumbua siku ya matengenezo.

Ukitaka tukupigie hesabu, tutumie urefu, upana na kimo cha chumba, picha ya madirisha na upande yanakotazama, aina ya paa, idadi ya watu, na saa unazokusudia kukiwasha. Kama jibu litakuwa feni na kivuli cha dirisha, tutakuambia hivyo.