Waacheni Wajukuu Walale Kwetu

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako nikarudia tena, na nimeona kwamba nyuma ya yale maneno "mtachoka bure, baba" kuna jambo jingine ambalo hukulitaja. Unauogopa usiku. Mchana hujawahi kusita kutuachia watoto. Unakuja jioni, unawakuta wameshaoga na kushiba, unawachukua mnaondoka. Ila kulala kwetu mpaka asubuhi, wewe usipokuwepo, kunakunyima raha. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tutakatizana na jambo halitafika mwisho.

Mimi na mama yako tunautaka usiku huo kwa ajili yetu wenyewe. Kweli, wewe na mwenzio mtapumzika, na mnastahili. Lakini mchana mjukuu wangu ana shughuli zake. Anakimbia, anacheza, na nikimuuliza kitu anakutazama wewe kwanza ndipo anijibu. Usiku ndipo maswali yake hutoka. Mtoto wa miaka minne akishalazwa na taa ikapunguzwa, huuliza kama babu naye aliwahi kuwa mdogo, kama mama yake alikuwa mtundu, na watu wakifa huenda wapi. Nataka niwe nimeketi kando ya kitanda maswali hayo yanapokuja. Nataka pia ajue kwamba akishtuka gizani, ipo sauti nyingine zaidi ya yenu inayoweza kumtuliza. Hilo hawezi kulijua kwa kuambiwa.

Huyu mdogo ana habari yake, na hapo nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Ana miezi tisa. Katika umri huu mtoto ameshaelewa kwamba mama akitoka ametoka kweli, lakini hajaelewa kwamba atarudi. Kilio cha kutengana huanza karibu na miezi minane, na huweza kuwa kikali mpaka mwaka na nusu hivi. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba asianze peke yake. Njooni siku moja mlale wote hapa, umlaze wewe mwenyewe, kisha alfajiri akiamka tumpokee sisi. Akizizoea sura zetu za alfajiri, mengine yatafuata.

Siku atakapobaki nasi, atalala chali. Najua hili limekuwa likikukereketa tangu mama yako aliposema kwamba ninyi mlilazwa kifudifudi na mkakua. Ni kweli, enzi zile wataalamu wengi walishauri hivyo, wakihofia mtoto akitapika akiwa chali atapaliwa. Baadaye utafiti ukaonyesha kwamba kulala kifudifudi ndiko kulikoongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua karibu nusu, kwingine hata zaidi. Nimemsomea mama yako yote hayo, amesikiliza, naye sasa ndiye mkali kuliko mimi. Tumekubaliana: kitanda chake mwenyewe ndani ya chumba chetu, godoro gumu, bila mto, bila blanketi, bila midoli. Kitandani mwetu hapana, hata akilia vipi, kwa sababu mama yako anakunywa dawa inayomtia usingizi mzito. Wa kuamka usiku ni mimi. Na asali haionji kabla hajatimiza mwaka, hata ya kulamba kidoleni.

Nikishataja dawa, niseme jambo linalonitia wasiwasi mimi kuliko yote uliyoandika wewe. Nyumba ya wazee imejaa vidonge. Vipo kando ya kitanda, vipo mkobani, vipo kwenye vile visanduku vya siku za wiki ambavyo mtoto hufungua bila shida. Kidonge kimoja tu cha presha au cha kisukari kinaweza kumdhuru mtoto mdogo vibaya sana. Vyote nimevihamishia kabati la juu lenye ufunguo, pamoja na zile betri ndogo za duara za kifaa changu cha kusikia, ambazo mtoto akimeza zinaweza kumchoma koo ndani ya muda mfupi. Ukija, kagua mwenyewe. Sitaudhika hata kidogo, nitafurahi.

Kaka mtu hanipi hofu. Akikojoa kitandani atabadilishiwa shuka na atarudi kulala, hakuna atakayemsema. Wengi wa umri wake bado hukojoa, ni mwili tu haujakomaa. Akiweweseka saa za mwanzo za usiku, akaketi na kulia macho wazi bila kututambua, hatutamwamsha. Tutakaa naye asijiumize mpaka alale tena, na asubuhi hatakumbuka chochote. Jinamizi ni kitu kingine. Lenyewe huja zaidi kuelekea alfajiri, mtoto huamka kabisa na anakumbuka alichoota, na hapo anahitaji kukumbatiwa. Wewe ulikuwa na yote mawili, kwa hiyo si mageni kwetu.

Saa yake ya kulala tutaifuata. Umri wake unahitaji kati ya saa 10 na 13 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na wa mchana, na akikosa usingizi utakayeteseka kesho yake ni wewe. Ila hadithi niachie mimi. Nitasema paukwa, ataitikia pakawa, na zikizidi moja usiniulize.

Nakuomba mambo mawili. Usimtoroke. Najua ni rahisi kunyata akiwa amezama mchezoni, lakini mtoto aliyetorokwa hushinda akiuchungulia mlango. Muage, mwambie utamfuata asubuhi akishakula, kisha ondoka hata kama analia. Na usipige simu ya video wakati wa kulala. Piga mapema, kabla hajaoga. Akikataa katakata na kilio kisipokoma, nitakupigia mimi, hata iwe saa nane usiku, uje umchukue. Tutajaribu tena siku nyingine.

Mletee shuka lake bila kulifua, lina harufu ya kwenu. Niandikie pia kwenye karatasi neno analotumia akitaka kwenda chooni, wimbo anaolalia, na kama mlango huachwa wazi au hufungwa. Njooni Ijumaa jua likiwa bado juu, apate kuizunguka nyumba na kuona choo kilipo kabla giza halijaingia.

Baba yako